Acheni kuongeza diski! Ulizeni kwanza nani amekula TEMP

Nimeshasema hapa mara nyingi na leo nitasema tena, safari hii kwa hasira kidogo. Databesi ikilia kwamba nafasi ya muda imekwisha, jibu la kwanza SI kuongeza diski. Najua wengi wenu ndivyo mlivyofundishwa. Najua pia mkiandika kosa hilo kwenye Google, ukurasa wa kwanza utawapa amri moja ya kuongeza faili, mtaibandika, kosa litaondoka, bosi atafurahi na mtaenda kunywa chai. Sisi wa Kericho chai hatukosi.

Kosa lenyewe kwa wanaotumia Oracle ni hili:

ORA-01652: unable to extend temp segment by 128 in tablespace TEMP

Kwa wasiolijua, nieleze upesi. TEMP ni ubao wa hesabu wa databesi. Ukiiambia ipange mistari milioni moja kwa tarehe, au iunganishe majedwali mawili makubwa, inajaribu kufanya kazi hiyo kwenye RAM. RAM isipotosha, inamwaga kazi kwenye diski, mahali panapoitwa TEMP, na ikimaliza inafuta. Majedwali ya muda ambayo programu inajitengenezea nayo yanakaa humo humo. Ile 128 ni bloku. Kama bloku zako ni za KB 8, basi databesi ilikuwa inaomba MB 1 tu. Moja! Ikakosa.

Sasa soma ujumbe huo tena. Umeambiwa nani amemaliza nafasi? Hapana. Umeambiwa nani AMEKOSA nafasi, na hao mara nyingi ni watu wawili tofauti. Matatu ikijaa kupita kiasi, anayeachwa kituoni ndiye anayepiga kelele, wala si yule aliyepanda na magunia sita. Sisi tunamfuata aliyeachwa tunamuuliza amefanya nini.

Nitatoa mfano nilioushika kwa mikono yangu. Kampuni siitaji. Iko huku kwetu, kati ya Kericho na Bomet, inanunua majani mabichi kutoka kwa wakulima wadogo, na hilo linatosha. Namba nimezizungusha ili isijulikane, ila uwiano wake ni wa kweli. Databesi yao ni Oracle 11g mpaka leo, usiniulize kwa nini.

Niliitwa nije "kuharakisha mashine". Nilipofika nikakuta kesi tayari imeshaamuliwa. Mshtakiwa alikuwa karani mmoja kijana anayetoa ripoti ya mizani kila asubuhi saa nne. Kila msimu wa bonasi ripoti yake inaanguka na ORA-01652, kwa hiyo wakubwa wakaona ndiye anayeangusha databesi. Ameamriwa ripoti yake aitoe usiku. Kijana wa watu anabaki ofisini mpaka saa tatu usiku kwa sababu ya ripoti yenye kurasa nne! Nikamuuliza msimamizi wa databesi, mmeangalia nani anatumia TEMP wakati huo? Akaniambia, "Bwana, tumeangalia, imejaa asilimia mia." Nikauliza, na nani? Kimya.

Hiyo asilimia mia nayo ni ugonjwa wa pekee, ngoja niuseme kabla sijasahau. Oracle ikishatenga kipande cha TEMP hairudishi, inakiweka tayari kwa atakayekuja. Kwa hiyo ukiangalia V$TEMP_SPACE_HEADER utaona TEMP "imejaa" siku zote, hata saa nane usiku watu wote wakiwa wamelala. Kuna watu wana programu za uangalizi zinazowatumia SMS kila saa kwamba TEMP iko asilimia 99, wamezizoea, hawazisomi tena. Siku ya shida ya kweli SMS itakuwa ile ile. Angalia V$SORT_SEGMENT: TOTAL_BLOCKS ndizo zilizotengwa, USED_BLOCKS ndizo zinazotumika SASA HIVI, na FREE_BLOCKS zinangoja mtu. Kuanzia 11g kuna pia DBA_TEMP_FREE_SPACE, nayo inahesabu kama nafasi tupu hata zile zilizotengwa lakini hazina mtu, ndivyo inavyopaswa. Anayekuonyesha asilimia bila kukwambia ameitoa wapi, mwambie arudi.

Tuendelee. Kwiri ya kumtafuta mlaji ni fupi kuliko barua ya kuomba diski:

SELECT s.sid, s.username, s.program, u.segtype, u.sql_id,
       u.blocks * 8 / 1024 AS mb
FROM v$tempseg_usage u
JOIN v$session s ON s.saddr = u.session_addr
ORDER BY u.blocks DESC;

(Hiyo 8 ni ukubwa wa bloku kwa KB. Kama zako ni tofauti, badilisha.)

Tatizo ni kwamba ukiiendesha baada ya kosa hutaona kitu. Sesheni iliyokula ikimaliza au ikianguka inaachia nafasi yote, na ukifika unakuta uwanja mtupu. Ndiyo maana wasimamizi wengi wanasema "tumeangalia, hakuna kitu". Wameangalia, ndiyo, baada ya mwizi kuondoka. Dawa yake ni kupiga picha kila dakika tano na kuziweka kwenye jedwali. Nikatengeneza jedwali moja, nikaweka kazi kwenye DBMS_SCHEDULER, nikarudi zangu mjini. Kazi yote haikufika nusu saa, na hakuna aliyelipia leseni yoyote.

Picha zikatoa jibu. Ripoti ya karani ilikuwa inatumia MB 3. Hesabu ya bonasi, inayoanza saa tatu asubuhi na kwenda mpaka mchana, ilikuwa inatumia zaidi ya GB 30. Na safu ya SEGTYPE ilisema DATA. Hilo ni neno la maana sana, maana si SORT wala HASH. Maana yake kuna mtu anamimina mistari kwenye jedwali la muda, hapangi chochote. RAM ungeongeza mpaka kesho, haingesaidia.

Nikaifungua programu. Hapa ndipo hasira yangu ilipoanza, kwa hiyo nivumilieni niieleze polepole.

Kuna jedwali la uzani. Mkulima akileta magunia mawili kituoni, kila gunia linapimwa peke yake na kuandikwa mstari wake: namba ya mkulima, tarehe, kituo, kilo, namba ya risiti. Kuna jedwali la makato: mbolea, mkopo, advansi. Miaka mitano iliyopita mtu alitaka kuonyesha kilo na makato kwenye karatasi moja, akaunganisha majedwali hayo mawili kwa namba ya mkulima PEKE YAKE. Hakuweka mwezi, hakuweka mwaka. Kwa hiyo kila gunia linarudiwa mara moja kwa kila kato ambalo mkulima huyo amewahi kukatwa tangu mfumo uanze.

Chukua kalamu. Wakulima 8,000. Kila mmoja ana magunia 18 kwa mwezi, yaani 216 kwa mwaka. Makato matatu kwa mwezi, yaani 36 kwa mwaka. Mwaka wa kwanza: 216 mara 36 mara 8,000 ni mistari milioni 62. Kwa baiti 100 kila mstari, hiyo ni GB 6. Mwaka wa pili makato yamefika 72, kwa hiyo GB 12. Wa tatu, karibu 19. Wa nne, 25. Mwaka wa tano makato ni 180, mistari ni milioni 311, na TEMP inadaiwa GB 31. Majani yenyewe hayakuongezeka, mashamba ni yale yale na mvua ni ile ile. Lakini kila mwaka bonasi ikifika databesi inadai GB 6 zaidi, kama kodi ya nyumba, na kila mwaka kampuni ya Nairobi inayowauzia huduma inakuja, inaongeza faili, inaandika ankara. Mara NNE! Hakuna hata mmoja aliyejiuliza kwa nini hesabu ya majani yale yale inataka nafasi zaidi kila mwaka kwa kiasi kile kile.

Kama ingekuwa ni diski tu ningenyamaza. Diski ni pesa yao.

Lakini aliyeandika ile kwiri aliona kilo zimekuwa nyingi mno. Badala ya kutengeneza muunganisho akaufunika. Mistari yote ilipokwisha kumiminwa kwenye jedwali la muda, akaweka SELECT DISTINCT juu yake: namba ya mkulima, tarehe, kituo, kilo. Namba ya risiti hakuiweka. DISTINCT ikafuta marudio yote na kilo zikarudi kuonekana za kawaida. Akaenda nyumbani.

Sasa fikiria mama ameleta magunia mawili siku moja, la kwanza kilo 15, la pili kilo 15. Mizani yao inaandika kilo kamili, kwa hiyo hili linatokea kila siku, tena kwa wachumaji wazuri wanaojaza magunia sawasawa. Mkulima yule yule, tarehe ile ile, kituo kile kile, kilo zile zile. Kwa DISTINCT hayo ni gunia MOJA. Kilo 15 zimekwenda. Makato je? Yenyewe yalichaguliwa pamoja na namba ya mkopo, kwa hiyo hakuna hata moja lililopotea. Loh! Kilo inapotea, deni halipotei.

Malipo ya kila mwezi yalikuwa yanatoka kwenye programu nyingine isiyogusa makato namna hiyo, na yalikuwa sahihi. Bonasi ndiyo iliyokuwa inapunjwa. Aliyegundua si msimamizi wa databesi, wala mkaguzi, wala mimi. Ni mama mmoja aliyekusanya slipu zake 12 za mwezi, akazijumlisha na mwanawe kwa simu, akapata kilo 4,218. Karatasi ya bonasi ilimwambia 3,986. Alikuja ofisini mara mbili. Mara ya kwanza aliambiwa, "Mama, kompyuta haikosei." Mara ya pili ndiyo siku niliyokuwepo, nimefungua ile kwiri kwenye skrini.

Jamani. Huku kwetu bonasi si takrima ya sikukuu. Ndiyo karo, ndiyo bati la nyumba, ndiyo deni la duka. Kila mwaka wakulima wa magharibi ya Bonde la Ufa wanalinganisha kiasi chao na cha wenzao wa Murang'a na Kirinyaga, wanakuta chao kiko chini, wanauliza kwa nini, na miaka ya karibuni wamefika mpaka kuandamana barabarani. Wanaambiwa habari za ubora wa majani, bei ya mnada wa Mombasa, gharama za kiwanda. Huenda yote ni kweli. Lakini kabla ya kubishana juu ya bei ya kilo, kilo zenyewe ziwe zimehesabiwa. Mkulima aliyekatwa kilo 232 na DISTINCT hana mtu wa kumwandamania.

Sasa rudi kwenye ORA-01652 uitazame upya. Kwa miaka minne kosa lile lilikuwa shahidi PEKEE ndani ya jengo lile aliyekuwa anasema kuna kitu hakiko sawa kwenye hesabu ya bonasi. Kila mwaka shahidi alisimama, na kila mwaka walimziba mdomo kwa GB 6. Bonasi iliyoanguka haikumdhuru mtu, ilichelewa siku mbili. Bonasi ILIYOMALIZIKA ndiyo iliyopunja watu.

Najua mtakachoniambia. Diski ni bei rahisi siku hizi. Ni kweli, na saa ya msimamizi ni ghali. Lakini kulinganisha bei ya diski na saa yako kunakubalika tu kama unajua unachonunua. Kama umeangalia ukaona ni indeksi kubwa inajengwa, au data imekua kwa sababu biashara imekua, ongeza, nitakushikia ngazi. Na hapo angalia jina lililo mwishoni mwa ujumbe. Ukijenga indeksi, kosa lile lile 01652 linaweza kutaja eneo la kudumu la indeksi badala ya TEMP, kwa sababu Oracle huijenga kwanza kama segmenti ya muda kule kule itakakokaa. Nimewahi kuona mtu ameongeza TEMP mara tatu wakati ujumbe unamtajia eneo lingine kabisa. Hakusoma mpaka mwisho wa sentensi.

Wengine mtasema tuweke faili lijiongeze lenyewe bila kikomo, yaishe. Kwanza si bila kikomo: faili la kawaida lenye bloku za KB 8 haliendi zaidi ya karibu GB 32. Pili, ukifanya hivyo umeondoa ukuta wa mwisho, na kwiri mbovu itakula diski nzima. Kama kumbukumbu za databesi ziko kwenye diski hiyo hiyo, sasa umesimamisha mizani ya vituo vyote, na lori limejaa majani yanayoanza kupata joto barabarani. Kikomo kwenye TEMP ni breki. Nani anang'oa breki kwa sababu zinapiga kelele?

Wa Postgres na MySQL msicheke, nanyi mmo. Postgres ina log_temp_files inayoandika kila faili la muda linalozidi kiasi ulichoweka, pamoja na kwiri yenyewe. Inakuja imezimwa, na nusu ya seva ninazozikuta bado imezimwa. temp_file_limit ipo tangu 9.2, lakini haihesabu majedwali ya muda ambayo programu imeyatengeneza kwa makusudi, kwa hiyo ugonjwa wa bonasi ungeipita. MySQL 5.7 ina faili linaloitwa ibtmp1 ambalo kwa kawaida linakua bila mpaka na halipungui mpaka uzime na kuwasha. Nimekutana nalo likiwa kubwa kuliko data yenyewe. Kuanzia 8.0 mambo ni nafuu kiasi kwa majedwali ya muda ya sesheni.

Nilichofanya pale ni kidogo tu. Karani nimempa TEMP yake. Oracle inaruhusu kila mtumiaji awekewe eneo lake la muda kwa ALTER USER, kwa hiyo ripoti za kila siku na mahesabu ya mwaka hayapigani tena, na kijana anakwenda nyumbani saa kumi na moja kama wenzake. Picha za dakika tano zimebaki, na nimezipa miezi 13 kabla ya kufutwa ili bonasi ya mwaka huu ilinganishwe na ya mwaka uliopita. Onyo la SMS halitumwi tena kwa asilimia. Linatumwa sesheni MOJA ikizidi GB 2, likiwa na jina la programu na namba ya kwiri. Tahadhari hapo: kwenye matoleo ya zamani SQL_ID ya V$TEMPSEG_USAGE si lazima iwe ya kwiri iliyofungua segmenti. Usimhukumu mtu kwa picha moja. Angalia tatu au nne.

Na ile kwiri nimeiandika upya. Jumlisha kila upande peke yake kwanza, kisha ndiyo uunganishe:

SELECT u.mkulima, u.kilo, k.shilingi
FROM (SELECT mkulima, SUM(kilo) kilo FROM uzani
      WHERE tarehe BETWEEN :a AND :b GROUP BY mkulima) u
LEFT JOIN
     (SELECT mkulima, SUM(kiasi) shilingi FROM makato
      WHERE tarehe BETWEEN :a AND :b GROUP BY mkulima) k
ON k.mkulima = u.mkulima;

Mistari 8,000 kila upande, na hakuna DISTINCT. Mama yule kilo zake ni 4,218 kama alivyosema. Hesabu za miaka minne ya nyuma zinarudiwa sasa, kwa sababu risiti zote bado zimo kwenye jedwali la uzani, hakuna aliyezifuta. Wamenizungushazungusha kidogo kuhusu nani atalipa tofauti hiyo, na msimamo wangu nimewaandikia kwa barua.

Bonasi nzima sasa haigusi TEMP hata kidogo, inaisha kwenye RAM kabla hujamaliza kikombe. Zile GB zote walizonunua kwa miaka minne ziko pale pale kwenye seva, tupu.